Mafuta ya Mkia na Sahani ya Mnafu

Ninyi wajukuu na vitukuu mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Anayetafuna chipsi anawe mikono, karatasi hii si ya kufungia. Najua mnavyonicheka. Mkija Krismasi mkanikuta na bakuli la mboga ya mnafu asubuhi na jioni, mnakonyezana. Mmoja anasema bibi anakula kama mbuzi, mwingine anasema afadhali mbuzi, mbuzi huchagua. Nasikia yote. Masikio yangu ni mazima, ila huwa nanyamaza kwa sababu mnachekesha.

Mimi shule nilisoma mpaka nikaweza Biblia na kuandika barua isiyo ndefu, basi. Msitegemee maneno makubwa. Nitawaeleza habari ya babu yenu, mafuta ya kondoo, na mguu wake wa kushoto.

Wakati wa Mwingereza babu yenu alikuwa mtu mnene. Msicheke. Unene siku zile haukuwa jambo la kupunguza, ulikuwa jambo la kusalimiwa. Akipita njia ya kanisani watu walisema, "Mwanaume ametunzwa huyu," nami nyuma yake, mtoto mgongoni na kitabu cha nyimbo mkononi, nilijiona kama niliyepewa cheti. Kahawa ilikuwa inazaa vizuri upande wetu wa mlima, na kahawa ikizaa, mwanaume wa Kimeru alijua njia mbili za kuonyesha: mabati juu ya nyumba na mafuta juu ya shingo. Babu yenu alianza na shingo.

Chai yake aliitia sukari mpaka kijiko kikasita kuzunguka. Nyama aliipenda yenye mafuta, na mafuta aliyapenda ya mkia wa kondoo. Ninyi mkia mnautupa, lakini kwetu ulikuwa wa wakubwa. Mwanamke akijifungua, aliyeyushiwa mafuta akanywa. Mtu akikonda, aliyeyushiwa akanywa. Mgeni wa heshima akija, vivyo hivyo. Mafuta ndiyo yalikuwa jibu, uliza swali lolote.

Mnafu je? Mnafu ulikuwa chakula cha wanawake, watoto na mbuzi. Mwanaume akikutwa na jani kwenye meno, alisema amepita vichakani.

Basi, mwaka mmoja babu yenu akaanza kunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malisho ya Terrat wakati wa kiangazi. Anakunywa, anatoka, anarudi, anakunywa. Kulikuwa na mgomba mmoja nyuma ya nyumba alipozoea kusimama, na chini yake sisimizi wakaja kwa wingi kama watu wa arusi. Nikawatazama. Halafu shingo ikaanza kupotea. Shati lake la Jumapili, kola ikawa inamzunguka kama kamba ya ng'ombe iliyovikwa mbuzi.

Hapo akaja wifi yangu, dada yake mkubwa aliyeolewa Kikwe, kule chini wanakofuga kondoo wengi. Huyu mnamwita shangazi mkubwa nyote, hata msiomkuta. Mama yao alikufa babu yenu akiwa mchanga, na wifi ndiye aliyemlea. Alikuwa kitoto dhaifu, kimekonda, watu wamekikatia tamaa, naye akakirambisha mafuta ya kondoo kwa ncha ya kidole mpaka kikapona. Hadithi hiyo aliisimulia kila tulipoonana, na kila mwaka kile kitoto kilikuwa kimekonda zaidi ya mwaka uliopita.

Alimtazama kaka yake, akanigeukia kabla hata ya kukaa.

"Wifi, mimi nilikupa mwanaume. Hii ni nguzo ya uzio."

"Shikamoo dada," nikasema.

"Marahaba. Unampa nini huyu?"

"Chakula cha kila siku, dada. Anakula."

"Anakula nani? Maana si yeye."

Akaacha kibuyu cha mafuta, akaniagiza nimyeyushie kila asubuhi. Nikamyeyushia. Akanywa, akazidi kukonda, sisimizi wakazidi kunenepa. Ndipo nikamwambia, mzee, twende hospitali mjini.

Tulipanda lori la kahawa, tukashuka Ngarenaro, tukaenda kwa miguu. Hospitalini dresa, yaani msaidizi wa daktari, alichukua mkojo wa babu yenu, akatia matone machache kwenye maji ya buluu ndani ya kichupa chembamba, akachemsha juu ya moto mdogo wa spiriti. Akatueleza: yakibaki buluu, salama, yakienda kijani, angalia, yakienda njano, hatari, yakifika rangi ya tofali, umeiva. Ya babu yenu hayakusimama popote njiani. Yalikwenda moja kwa moja kwenye tofali.

Daktari alikuwa Mzungu mzee, Kiswahili chake kizuri ila alikitembeza polepole kama mtu aliyebeba mayai.

"Mzee, una ugonjwa wa kisukari. Sukari imejaa ndani ya damu yako, na mwili wako hauwezi kuitumia."

Babu yenu akakunja uso. "Sukari? Ndani yangu mimi?"

"Ndiyo."

"Na mke wangu bado ananunua dukani?"

Dresa akageuka ukutani kucheka. Daktari hakucheka. Alisema sindano zipo kwa waliozidiwa, lakini kwake yeye tuanze na sahani: sukari aiache kabisa, ndizi apimiwe, mafuta ya mnyama yapungue sana, na nusu ya sahani iwe mboga za majani. Kisha akainama akamgusa vidole vya miguu kwa kalamu. "Miguu hii muitazame kila siku. Ugonjwa huu unaua macho na unaua miguu. Mguu unaweza kuumia na mwenyewe asijue."

Babu yenu alisikia sehemu ya kwanza tu. Kwenye lori la kurudi aliwaeleza abiria wote kwamba anaumwa ugonjwa wa Wazungu na Wahindi wenye maduka, na kwamba huku mlimani, kwa jinsi anavyofikiri, yeye ndiye wa kwanza. Ungedhani kachaguliwa kuwa diwani.

Majivuno yaliisha nilipomwekea sahani.

"Mama watoto, hii ni nini?"

"Mnafu."

"Naona ni mnafu. Nauliza kwa nini umekuja kwangu. Mbuzi yuko nyuma."

"Mbuzi ameshakula. Hakulalamika."

Alikula akitazama ukuta. Siku zilizofuata akaona hata ukuta unamshuhudia, akahamia jikoni kwangu, mwanaume ambaye tangu tuoane hakuwahi kujua mafiga yako upande gani. Alifunga mlango, akala majani yake ndani ya moshi, machozi yakimtoka. Mtu akipiga hodi, sahani ilikwenda chini ya kigoda na mdomo ukafutwa kwa mkono. Mzee mmoja wa kanisa alimkuta hivyo akamwuliza analia nini. Akasema amemkumbuka mama yake.

Hapa nisimame kidogo. Mmoja wenu, yule aliyesomea mambo ya chakula, alinikalisha juzi akanieleza sababu. Anasema mwenye kisukari hashindwi na sukari peke yake, hata mafuta yanamshinda. Badala ya kukaa ghalani au kuchomwa yawe nguvu, yanabaki yanazurura kwenye damu, na yakizurura yanaharibika, kama samli uliyoiacha wazi juani. Anasema ndani ya majani mabichi, karoti, mapapai na maparachichi mna vitamini ambazo kazi yake nyingine ni kuyazuia mafuta yasiharibike upesi. Nikamwambia, mbona hukusema hivyo tangu mwanzo? Sisi kibuyu cha maziwa tulikisugua ndani kwa kijiti cha moto cha mti wa loirien ili maziwa yasivunde. Kumbe mnafu ndio loirien ya tumboni. Akasema si sawasawa hivyo, bibi. Nikamwambia inatosha.

Alikuwa ameniletea na chupa ya vidonge vya hizo vitamini. Nikamwuliza kama vinafanya kazi ya mnafu. Akakuna kichwa. Akasema wataalamu wamevijaribu kwa watu wengi na faida waliyoitarajia hawajaiona, sahani bado inashinda chupa. Basi chupa nimeiweka dirishani. Inapendeza jua likiipiga.

Turudi kwa babu yenu. Majani hayakumponya, nisiwadanganye. Lakini kiu ilipungua, sisimizi wakahama, na tuliporudi kwa dresa kichupa kiliishia kwenye kijani. Babu yenu alikitazama akasema, "Bila shaka ni rangi ya kile ninacholishwa."

Unene tu ndio haukurudi. Na wifi yangu alikuwa akimpima kwa macho, hakuwa na kichupa. Jumapili moja baada ya ibada, uwanjani, mbele ya akina mama wote, alinishika mkono.

"Nimesikia. Kaka yangu analishwa majani."

"Ni dawa, dada. Daktari amesema."

"Daktari alimlea? Mbona mashavu yako wewe bado manono, hayajapona?"

Wanawake wakatazama chini, lakini mabega yao yalikuwa yanacheka. Akaendelea, safari hii bila utani. "Huyu nilimtoa kaburini kwa kidole changu. Akifa kwa njaa ndani ya nyumba ya mabati, nitasimama hapa hapa niseme ni nani aliyemwua."

Wazee wa ukoo wakaniita. Mwanamke anayemnyima mumewe mafuta, walisema, ametangaza nini? Na nyumbani kwao ni mbali? Nikawajibu kwamba kwetu najua njia. Lakini daktari amesema macho na miguu, na mimi nilikuwa na watoto wadogo na shamba la kahawa lililopanda mlima. Kipofu asiye na miguu angelipalilia vipi? Nikarudi nyumbani nikachuma mnafu.

Baada ya mvua za vuli tukaenda tena hospitali. Kichupa kikapanda: kijani, njano, tofali.

Dresa akamtazama babu yenu. "Mzee, unakula nini?"

"Majani," akasema babu yenu kwa uso wa mtu aliyefiwa. "Mwulize mke wangu. Majani tu."

Nami nikaapa mbele ya watu kwamba ni kweli, majani tu. Babu yenu akadai kwamba labda spiriti ya siku hiyo ilikuwa na moto mkali mno.

Njiani nikawaza. Babu yenu miezi ile alikuwa ameingiwa na mapenzi makubwa ya dada yake. Kila mara, "Nateremka Kikwe nikamsalimie dada." Mapenzi ya ndugu ni jambo jema, lakini haya yalikuwa yanarudi na ndevu zinang'aa. Tena kulikuwa na mbwa wetu. Mbwa yule hakuwahi kumheshimu babu yenu hata siku moja. Sasa alikuwa anampokea njiani, anamramba mikono mpaka kwenye viwiko, anamfuata mpaka mlango wa kanisa na kulala hapo akimngoja. Nimeishi miaka mingi, sijaona mbwa anayempenda mtu kwa ajili ya mboga.

Alipoaga tena kwenda kusalimia, nikamwambia msalimie sana. Nikamwacha atangulie. Nikachuma mnafu kikapu kizima, nikamfuata.

Nilipofika kwa wifi, sikuhitaji kupiga hodi, kicheko chao kilikuwa kinasikika barabarani. Kondoo alikuwa ameshachinjwa na chungu kikubwa kiko motoni. Babu yenu amekaa kwenye kigoda, viatu kavua, miguu kainyoosha kwenye joto, mkononi kikombe cha mafuta yaliyoyeyushwa, anasimulia habari ya yule mzee aliyemkuta analia jikoni. Aliponiona, kikombe kikaenda nyuma ya mgongo. Mtu mzima, mwenye mvi.

"Karibu mama watoto. Nilikuwa namshikia dada."

"Ni kweli," akasema wifi. "Ni kikombe changu." Naye kikombe chake kilikuwa mkononi mwake.

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, na yalikuwa maneno mazuri, yangewatosha wote wawili. Nikafungua mdomo. Ndipo pua ikaniambia jambo jingine.

"Dada, nyama yako inaungua."

"Nyama gani? Imo chunguni, na maji yamejaa."

Tukatazama chungu. Tukatazama moto. Kaa lilikuwa limebiringika kutoka kwenye mafiga likakaa chini ya mguu wa kushoto wa babu yenu, pembeni, penye kidole kidogo. Ngozi ilikuwa imeshaanza kuvimba na kutoa moshi. Naye alikuwa bado anatabasamu, anangoja tuache kutazama ili amalizie hadithi yake.

"Kuna nini?" akatuuliza.

Wifi akaangusha kikombe. Aliuvuta ule mguu kwa mikono miwili, nikamwagia maji, na mwenye mguu akawa anatutazama kama tunashughulika na mguu wa jirani. Kisha akauona mwenyewe.

Wifi alikaa chini mavumbini, mguu ule mapajani mwake, ameushika vile nadhani alivyomshika siku zile akiwa mchanga.

"Huumii?"

"Siumii, dada."

"Nimekushika hapa. Husikii?"

"Najua umenishika kwa sababu nakuona."

Chungu kikaendelea kuchemka chenyewe. Baadaye wifi akaniuliza, bila kuniangalia, "Daktari alilisema hili?"

"Alilisema."

"Akasema ni mafuta?"

"Alisema mafuta yapungue sana, maana ugonjwa huu unaua. Macho, miguu."

"Lakini mimi nilimponya kwa mafuta."

Maneno yale mazuri ya njiani yote yalikuwa yamenitoka. Nikakaa karibu naye. "Ulimponya, dada, wala hakuna anayekunyang'anya hilo. Mtoto yule alikuwa na njaa. Huyu hana njaa. Huyu chakula kinampotea akiwa ameshakila."

Akaufuta mguu kwa kanga yake. Halafu akauona ule mguu mwingine, mkavu, umepasuka kisigino, akaniambia kwa ule ukali wake wa kawaida, "Na huu mbona umeuacha hivi? Nyumba nzima haina mtu wa kumpaka mafuta?" Nikajua amerudi, na nikajua yuko upande wangu.

Kidonda kile kilikaa tangu kahawa inachanua mpaka inavunwa. Dresa alikisafisha, akakifunga, akasema kingekaa kidogo zaidi kwenye kaa, wangekata. Babu yenu alichechemea kidogo maisha yake yote yaliyobaki, lakini alichechemea kwa miguu miwili, na macho yake yaliwaona wengi wenu mkizaliwa.

Lakini jioni ile ile tulipompandisha nyumbani juu ya punda wa wifi, nilikuwa bado sijamaliza kazi. Watoto wote walikuwa wametusubiri, na majirani wawili walikuwa wamekuja kuulizia. Nikapakua. Babu yenu akachukua sahani yake ya mnafu, akaanza kuchechemea kuelekea jikoni, kama kawaida yake, akajifiche.

"Unakwenda wapi?"

"Kula," akasema kwa sauti ndogo.

"Kaa hapa."

Akatazama majirani, akatazama sahani, akakaa. Wifi naye alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu cha mafuta yaliyobaki kule kwake, amekikumbatia. Kukimwaga ni dhambi, kukitumia hajui tena kwa nini. Mbwa amekaa miguuni pake, anakitazama kibuyu kwa adabu ambayo hakuwahi kunipa mimi. Ndipo nikasimama katikati ya nyumba, nikasema hivi:

"Sikilizeni wote, na majirani mkihadithia, hadithieni vizuri. Kuanzia leo kila sahani ya nyumba hii itaanza na mnafu, ya mkubwa na ya mdogo. Ya baba italiwa hapa, mbele ya wageni, na atakayecheka atakwenda kula na mbuzi. Mafuta ya shangazi yawekwe karibu na beseni. Kila jioni mmoja wenu atamwosha baba miguu, ataitazama kidole kwa kidole, ataikausha, ndipo atampaka nyayo. Penye kidonda msiguse, hapo ni kazi ya dresa. Mafuta yaishie kwenye nyayo. Tone likipanda likafika mdomoni, sitamwuliza baba. Nitamwuliza mbwa."